Mama Edelmira na Duka Kubwa la Ng'ambo

Saa moja asubuhi, baridi ya El Alto, mji wa milimani nchini Bolivia, bado inauma vidole. Edelmira Choque anasukuma juu mlango wa bati wa duka lake la vifaa vya ujenzi. Fundi bomba Fulgencio anamsubiri na koki mbovu mkononi.

"Nataka mpira wa ndani tu, mama. Kule ng'ambo ya barabara wanataka ninunue koki nzima."

"Kule wana taa nzuri," anamjibu huku akivuta droo. "Hapa tuna mipira."

Ng'ambo ya barabara ni duka kubwa lililofunguliwa miaka mitatu iliyopita, lenye vigae, milango, rangi na maegesho. Wateja wake wengi hujenga nyumba nzima kwa mkupuo. Wa Edelmira, mjane wa miaka hamsini na sita, hujenga chumba kimoja mwaka huu na kingine Mungu akijalia. Huwauzia misumari kwa kiganja na saruji kwa kilo.

Hata hivyo, mauzo yake yalishuka kwa nusu. Kisha mwanawe Limbert, aliyekuwa akimsaidia dukani, akaenda kuajiriwa hukohuko.

"Nilipomwona na aproni yao ya kijani, nilihisi kama nyumba imeng'olewa nguzo," anasema.

Limbert alipangiwa sehemu ya mabomba. Mteja akikosa kitu kidogo, alimnong'oneza avuke barabara kwa mama. Mwezi uliopita msimamizi alimsikia, akampa onyo. Jioni hiyo Limbert alimwambia mama yake kwamba anaacha kazi, anarudi dukani.

Ndilo neno ambalo Edelmira alikuwa akilisubiri miaka yote hiyo. Lakini Limbert ana mtoto mchanga anayetibiwa kifua kwa bima ya kazini. Edelmira alimwekea supu ya karanga, akangoja ale kwanza.

"Rudi kazini," akamwambia. "Na ukome kuniletea wateja. Watanitafuta wenyewe."

Sasa anajifunza kukata vioo, kazi ambayo duka kubwa haliifanyi. Vidole vyake viwili vina plasta. Madirisha ya mtaani, anasema, hayalingani vipimo hata mawili, kwa hiyo kazi ipo.

Kioo cha kwanza kilichokatika sawasawa hakukiuza. Amekipachika kwa Limbert, kwenye dirisha la chumba anamolala mtoto, mahali palipokuwa na nailoni.

"Kikimaliza msimu wa baridi hakijapasuka," anasema, "nitaanza kuuza."