Karatasi Yenye Tarehe ya Leo

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiiwaza damu inanichemka, na anayenichemsha ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni na cheti changu cha kompyuta, nimeajiriwa katika kliniki ndogo pale mtaa wa Jericho. Jina la kliniki nitalihifadhi, kwa sababu kosa halikuwa lake. Asubuhi hiyo Sista Nekesa, muuguzi wetu mkuu, aliingia ofisini mwangu bila kubisha hodi. Huyu alikuwa mama mtaratibu, wa kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Aliweka ripoti yangu mezani, akagusa kwa kidole sehemu ya juu kabisa ya karatasi, akaniuliza:

"Adhiambo, hii karatasi ina tarehe ya leo. Habari zilizomo ni za lini?"

Keti kwanza nikusimulie nilivyofika hapo, maana njia ile ile nawaona nanyi vijana wa kompyuta mnaifuata, tena mnakimbia.

Kliniki yetu ilikuwa ikitibu watu wa kifua kikuu. Ugonjwa huo unaujua: dawa ni za miezi mingi, na mgonjwa akishaanza kunenepa na kulala vizuri anaona ujinga kuendelea kuzimeza. Ndiyo maana kila wiki ilitakiwa orodha ya waliokosa kuja. Sista Nekesa alikuwa akiiandika katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kisha kila Jumanne anavaa viatu vyake vya chini na kuzunguka nyumba kwa nyumba, siku nyingine mpaka mtaa wa Ziwani. "Baba fulani, mbona hatukukuona?" Hakuna anayependa kufuatwa nyumbani kwake mbele ya majirani. Lakini watu walipona.

Mimi niliajiriwa ili orodha ijitoe yenyewe. Makarani walikuwa tayari wanaingiza mahudhurio katika kompyuta kuu kila siku, na asiyekuja waliandika "hakufika" mbele ya jina lake. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha programu ya ripoti na hifadhidata hiyo, yaani ghala la kumbukumbu zote, ili kila Jumatatu ichapishwe orodha ya wote walioandikwa "hakufika" ndani ya wiki nne zilizopita.

Kuunganisha si uchawi. Programu inakuuliza maswali machache: data iko kwenye mashine gani, hifadhidata inaitwaje, wewe ni nani, na neno lako la siri ni lipi. Majibu yote hayo alikuwa nayo Bwana Mutua, mtunzaji wa hifadhidata, mtu wa maneno machache aliyevaa sweta hata Januari. Aliniambia niandike barua. Alisema atanifungulia njia ya kusoma tu, ripoti yangu isije ikagusa kumbukumbu ya mgonjwa yeyote, na kwamba ingekuwa tayari Jumatatu. Wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa.

Nikakasirika, mwanangu. Mimi, mtoto wa karani wa reli, wa kwanza kwetu kuingia chuo, niandikie barua mtu aliyejifunza kompyuta kazini? Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona kuomba ni kujishusha. Kabatini kulikuwa na diski yenye nakala ya akiba ya hifadhidata ile. Nikaichukua, nikaimimina katika mashine yangu mwenyewe, nikaiunganisha ripoti hapo. Haikuchukua hata nusu saa. Nikajiambia hii ni ya wageni tu, Jumatatu nitaielekeza kwenye chanzo chenyewe. Ajizi nyumba ya njaa. Jumatatu hiyo ilikuja ikapita, na nyingine, na mimi bado nilikuwa nikisifiwa kwa ile Ijumaa.

Maana walinipigia makofi. Grafu zilikuwa na rangi ya kijani na nyekundu, na zilisogea ukizibofya. Hakuna hata mmoja katika chumba kile, si mkubwa wetu wala wageni, aliyeuliza rangi hizo zimetoka wapi. Mkubwa akaamuru kitabu cheusi kipelekwe stoo. Sista Nekesa alikipeleka mwenyewe.

Sasa sikia hila ya nakala. Nakala haiongezeki. Makarani walikuwa wakiandika "hakufika" kila siku kwenye hifadhidata yenyewe, na kwenye mashine yangu haikuingia hata moja. Ripoti ilipohesabu wiki nne nyuma, kila Jumatatu ilipoteza majina ya zamani na haikupata mapya. Wiki ya kwanza walikuwa kumi na mmoja, halafu wanane, halafu watatu. Baadaye ikatoka sufuri. Tarehe iliyochapwa juu ilikuwa ya siku ile ile, kila mara.

Tuliisoma ile sufuri kwenye mkutano kama barua ya pongezi. Mkubwa akasema wagonjwa wetu sasa wamenyooka. Sista Nekesa akainua mkono, akasema kwa upole kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona wiki ambayo hakuna aliyekosa, kwa sababu watu ni watu. Nikamjibu mimi, mbele ya wote, kwamba kompyuta haisahau kama vitabu vyake. Watu wakacheka, nami nikacheka. Mama wa umri wa mama yangu! Laiti ningeweza kurudi, ningemzaba kofi msichana yule kabla hajafunga mdomo.

Ikaja sufuri ya pili. Na hapo, mwanangu, kilichotufumbua macho hakikuwa kompyuta wala mkutano. Yalikuwa mabenchi. Kliniki ilikuwa imeagiza mabenchi manne ya wagonjwa kutoka kwa Baba Njoroge, seremala wa pale sokoni Jericho, ambaye naye alikuwa mgonjwa wetu. Alileta mawili, akanyamaza. Jumatatu jioni Sista Nekesa, akielekea nyumbani, alipita kumuuliza habari za mabenchi yaliyobaki, akamkuta kitandani. Asubuhi iliyofuata ndipo alipoingia ofisini mwangu bila hodi.

Baada ya swali lile hakunigombeza. Alinishika mkono tu, kama mtoto anayepelekwa kuomba msamaha kwa jirani, tukaenda kwa miguu.

Randa ya Baba Njoroge ilikuwa imetundikwa ukutani, mbao za benchi la tatu zimeegeshwa chini yake. Yeye alikuwa amelala, mashavu yameingia ndani, anakohoa kwenye kitambaa ambacho mkewe alikuwa akikichukua haraka tusikione. Mlangoni alisimama binti yao Wanjiku, wa miaka sita, naye akakohoa. Mama Njoroge alituletea viti. Alisema bila kupandisha sauti:

"Aliacha dawa wiki ya saba, akasema amepona. Nikamwambia, wewe ngoja, Jumanne Sista atakuja akugombeze. Tukangoja. Jumanne ikapita, na nyingine, na nyingine. Tukadhani mmechoka na sisi."

Nimesikia matusi mengi maishani, mwanangu. Hakuna lililonikaa kama hilo, na wala halikuwa tusi.

Tuliporudi nilikwenda kwa Bwana Mutua na barua mkononi. Alifungua hifadhidata yenyewe, akaniandikia jina la Baba Njoroge. Mbele yake "hakufika" ilikuwa imeandikwa mara tano. Makarani hawakuwa wamekosa hata siku moja. Ukweli wote ulikuwa vyumba viwili kutoka mezani kwangu, nami nilikuwa nasoma nakala iliyokufa na kuiwekea tarehe mpya. Njia ya kusoma tu alinifungulia asubuhi ile ile. Alisema jambo moja tu: "Ungeniambia ni kwa ajili ya orodha ya Sista, ningekupa siku ile ile uliyokuja." Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia kuna wageni.

Baba Njoroge alianza matibabu upya, safari hii na sindano, na yalikuwa marefu kuliko yale aliyoyakatiza. Alipona, lakini kifua hakikurudi, na randa hakuishika tena. Wanjiku alitibiwa mapema, Mungu ni mwema. Mabenchi ya kliniki yalibaki mawili, na wagonjwa waliokosa nafasi walisimama ukutani. Nilipita mbele yao kila siku nikienda ofisini kwangu.

Kwa nini nayafukua haya leo? Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, binti wa dada yangu alikuja kwangu hapa mtaa wa Umoja na kompyuta yake. Amepata kazi nzuri, katika shirika la mambo ya maji. "Aunty, cheki hii kitu, iko fiti. Inajichora yenyewe." Kweli ilipendeza. Nikamuuliza imeunganishwa na chanzo gani. Akaniambia kuna faili alitumiwa na mtu fulani. Nikauliza ni ya lini. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Aii, aunty, si date ni ya leo?"

Kikombe nilikibamiza mezani mpaka chai ikamwagika. Mtoto wa watu akashtuka, nami nikamwomba radhi, lakini hasira haijaniisha mpaka sasa. Nina hasira na shule zinazowafundisha kuchora na haziwafundishi kuuliza. Nina hasira na wakubwa wanaopiga makofi wakiona rangi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, na nyie watoto mnauza mikakasi mchana kutwa, tena mnapandishwa vyeo. Watu wa mtaa mzima watangoja maji mferejini kwa sababu faili ya mtu fulani inasema yapo.

Basi nisikie. Kabla hujachora mstari mmoja, jua data yako inatoka wapi, na ukaione kwa macho yako. Ukilazimika kutumia nakala, andika juu kabisa, kwa herufi ambazo hata mimi nisiye na miwani nitaziona, kwamba ni nakala na ni ya siku gani. Tarehe ya kuchapisha peke yake ni uongo uliopigwa pasi. Mtunzaji wa hifadhidata usimruke. Mweleze kazi ni ya nani, si mgeni gani anakuja, na masharti yake yafuate hata kama yanakuchelewesha. Kitabu cha mzee usikipeleke stoo mpaka kompyuta yako na kitabu hicho vimekubaliana kwa miezi. Na siku hesabu zitakapokuwa nzuri mno, usishangilie. Vaa viatu vya chini uende ukawaone watu wenyewe, kwa sababu waliokosa hawaji mkutanoni kukusahihisha.

Nenda, mwanangu, na kheri iwe nawe. Mungu akupe jicho la kutilia shaka kazi yako mwenyewe, na moyo wa kuomba njia pale unapoweza kuiba. Utakapokosea, kwa maana utakosea, akuletee Sista Nekesa wako aingie bila kubisha hodi. Na aliyeketi nyumbani kwake akingoja mlango ubishwe, asije akangoja bure kwa sababu yako.