Ukungu wa Magamba ulivyonipa kazi: Mwingereza na Mmarekani kwenye mpira mmoja

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Sogeeni mnisikilize. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Lushoto, na chumvi sijatia.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kuongoza watalii. Bosi, Mama Zuhura, aliniambia wazi: "Jumamosi nakupa wageni wanne. Wakirudi wamefurahi, kazi yako. Wakirudi wamenuna, rudi ukapalilie karoti."

Wageni wenyewe: Mwingereza na mkewe, pamoja na kina mama wawili Wamarekani. Nikawapeleka kijijini Magamba kwenye mpira.

Sasa, Kiingereza changu cha mpira nimekiokota redioni, cha Uingereza tupu. Nikajimwaga: pitch, nil-nil, boots! Waingereza wanatabasamu. Wale kina mama maneno hayo si ya kwao, mmoja akaanza kupiga picha kabichi za shamba la pembeni.

Nami badala ya kubadilisha maneno, nikaongeza sauti. Jasho lilinitoka na baridi yote ile!

Mara ukungu ukashuka. (Msiopajua kwetu: golikipa akishindwa kumwona mwenzake wa goli la pili, refa anasimamisha, watu wanakaa chini kusubiri. Hakuna anayeondoka.)

Nikaona kazi inayeyuka. Ndipo nikawaingiza wageni uwanjani, nikaonyesha kwa kidole viatu vya beki aliyekuwa amekaa. "Kwenu mnaviitaje?"

"Boots!" wakasema Waingereza.

"Cleats!" wakasema kina mama.

Beki akadakia, "Kaka, waambie ni vya shemeji, asubuhi navirudisha!"

Wakuu, pakachangamka! Uwanja: pitch, field. Sifuri: nil, zero. Dakika za nyongeza: extra time, overtime. Watazamaji wanashangilia kila jibu kama goli.

Bibi muuza chai akapaza sauti: "Mwanangu, na kikombe changu je?"

Nikakiinua. Wote wanne: "Cup!"

"Sareee!" uwanja ukalipuka. Nikawatafsiria, na hapo hapo Mwingereza akasema "Draw!", kina mama wakamjibu "Tie!" Tulicheka mpaka ukungu ukapanda.

Jioni Mama Zuhura akawasikia bado wanabishana wakicheka. Akanigeukia: "Jumatatu, saa moja kamili."

Nilichojifunza: mgeni asipoelewa, usimpigie kelele. Mpe nafasi naye akufundishe.

Nanyi wakuu, yaliyowahi kuwakuta na wageni yamwageni hapa chini. Na ukimpeleka mgeni mpirani, onyesha kitu kwa kidole kwanza, halafu muulize: "Kwenu mnakiitaje?"