Mama Huyu Hana la Kusema

Darasani walimwita Shangazi, kwa sababu, kwa umri wake, wote wangeweza kuwa watoto wa kaka zake, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Kabla ya chuo alikuwa akipiga pasi kwa dobi. Kutwa nzima alisimama juu ya mashati ya watu huku redio ndogo ikipayuka rafuni, na kila redio ile ilipozungumzia mtaa wao, ilieleza mtaa ambao yeye hakuwahi kuuona. Siku moja akaweka pasi chini, akamwambia dobi, "Nakwenda kusomea hiki kitu. Hawa watu wanatusingizia." Dobi alicheka mpaka akakohoa. Shangazi akaenda.

Kilikuwa chuo cha jamii, cha watu wa kila rika: ufundi bomba chumba hiki, ushonaji chumba kile, na uandishi wa habari mwisho wa korido, ambako kuta za studio zilibandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Kila Ijumaa jioni wanafunzi walirusha kipindi chao, na mtaa mzima ulikipata. Mkufunzi wao walimwita Mhariri, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi gazetini na hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha.

Kisha mdogo wake Shangazi akaangukiwa na ukuta wa ghala alikokuwa kibarua, akafa papo hapo. Ukuta ule ulikuwa na ufa. Vibarua walikwisha kumwonyesha msimamizi, naye akawaambia wauegemezee magunia, kazi iendelee. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua. Wenye ghala hawakuijua, au waliijua na wakaona ukuta mpya ni ghali kuliko mtoto wa mtu.

Shangazi alipokuwa hospitali akifuatilia mwili, wanafunzi wenzake walifika nyumbani. Mhariri ndiye aliyewatuma. Mbele yao alitangulia kijana waliyembandika jina la Kipaza kwa ile sauti yake nzito, bingwa wa darasa, kinasa sauti kikimning'inia shingoni. Mama mtu akawakaribisha. Si wenzake binti yangu hawa? Akawapa viti. Tangu msiba uingie hakuwa amefungua kinywa, lakini mbele ya vijana wale alikifungua. Aliwaeleza habari ya ufa na magunia. Aliwaeleza jinsi mwanawe alivyorudi jioni moja akamwambia, "Mama, ule ukuta utatuua," na yeye akamjibu avumilie, kazi hazipatikani. Akamtaja msimamizi kwa jina. Mwisho akalia.

"Nimesema yote, mwanangu," alimwambia Shangazi aliporudi. "Wenzako wana adabu. Wamenisikiliza mpaka mwisho."

Usiku huo mama alikula. Kesho yake akaanza kuwaambia majirani wasikose kuja Ijumaa.

Shangazi aliporudi darasani walimpa pole, wakamsogezea kiti. Mhariri akasema kwa upole kwamba kazi ya Kipaza ndiyo itakayofungua kipindi, akabonyeza kitufe.

Kilio. Kilio kitupu cha mama yake kilijaa chumba kizima. Halafu ile sauti nzito: "Mama huyu hana la kusema. Yamembakia machozi tu." Kilio tena, na basi, imekwisha.

Msichana wa kiti cha nyuma alijifuta macho. "Hiyo ndiyo redio," alisema Mhariri.

"Maneno yako wapi?" Shangazi aliuliza.

"Maneno yapi, Shangazi?" Kipaza alishangaa, na alishangaa kweli.

"Aliyokwambia. Ufa. Msimamizi."

"Aa, yale! Aliongea sana, lakini hayakuwa na hisia. Mara magunia, mara nani kamwambia nani. Nikachukua pale penye uzito."

"Nipe yote uliyorekodi."

Kipaza alimtazama Mhariri. "Nilifuta. Kadi ilikuwa imejaa."

Hasira zilimpanda Shangazi mpaka masikio yakaziba. Mhariri akaingilia kati kueleza kwamba hewani mtu hatuhumiwi bila kupewa nafasi ya kujibu. Ni kweli, walifundishwa hivyo.

"Mmempigia ajibu?"

Hawakumpigia. Muda ulikuwa mfupi.

"Basi nipeni mimi hicho kinasa. Nitamrekodi mama upya, na ghalani nitakwenda mwenyewe."

Mhariri alitikisa kichwa. Mfiwa haandiki habari ya msiba wake, alisema, huo ni mgongano wa maslahi. Kanuni zote za uandishi ziliamka siku ile, na zote zikaenda kusimama upande wa ghala.

"Mama yangu analo la kusema!" Shangazi alipiga meza. "Kalisema! Mmelikata, halafu mnautangazia mtaa kwamba hana! Angalau toeni hiyo sentensi."

"Nitaona la kufanya," alisema Mhariri.

Nitaona la kufanya. Shangazi, mtu mzima yule, aliyeambiwa maneno hayo kwenye kila dirisha la ofisi tangu azaliwe, alijua fika maana yake. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Aliyashika, kwa sababu yalimpa nafasi ya kutomwambia mama yake chochote.

Ijumaa majirani walijaa sebuleni. Mama alivaa gauni lake la kutokea. Redio ilikuwa juu ya kabati, na mtu wa kwanza kusikika alikuwa yeye mwenyewe, analia. Ikafuata kauli ya Kipaza, nzima, haijaguswa hata herufi. Kikafuata kilio. Kisha tangazo la sabuni.

"Sauti yako imetoka vizuri, mama," alisema fundi viatu wa jirani, kwa nia njema kabisa.

"Ngojeni," mama aliwaambia. "Maneno yanakuja."

Wakangoja. Sabuni ikapita, mpira ukapita, kukawa na mahojiano na mshonaji, kisha salamu za kuagana. Majirani waliangalia sakafu. Shangazi alikuwa ameuma meno, anamlaani Kipaza, anamlaani Mhariri, anazilaani trei za mayai. Mama akamgeukia.

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama."

"Sasa mbona yule kijana kasema sina la kusema? Ndivyo wanavyowafundisha huko?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo wanavyotufundisha." Kisha akasema na lililobaki. "Na mimi nilijua kabla ya leo. Nikanyamaza."