Jani la Mgomba juu ya Ubao wa Mkangazi

Mwaka 1968, mteja aliyeingia kwenye kiwanja cha mbao cha Uledi mjini Bukoba na kutaka kuondoka na mkangazi siku hiyohiyo aliambiwa ajaribu kwingine. Uledi hakusema hivyo kwa ukali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kofia iliyojaa vumbi la mbao, na kila mteja alimwambia maneno yaleyale: "Mbao hizi sijazijua bado. Nikizijua nitakuambia."

Baba yake alitoka Pangani, akafika Bukoba kupakia kahawa melini, akaoa na kubaki. Uledi mwenyewe alianza kazi kijana katika msitu wa Minziro, kwenye shimo la kupasulia magogo, upande wa chini wa msumeno, ambako unga wa mbao humwingia mtu machoni, puani na kinywani. Watu waliosimama upande wa juu walijifunza kupasua. Yeye, chini, alijifunza harufu na ladha ya kila mti. Mke wake wa kwanza alirudi kwao Mwanza kabla ya Uhuru, wakaachana bila ugomvi na bila mtoto. Tangu hapo aliishi peke yake nyuma ya kiwanja.

Baada ya Uhuru, kila mkulima aliyevuna kahawa vizuri alitaka mlango wa mkangazi, au kitanda cha mkangazi. Mkangazi wenyewe ulikuja kwa malori kutoka Uganda, na haukutosha. Palipopungua, palijazwa. Wengine walichukua msizi, mti mwepesi unaokua haraka, wakaupaka rangi ya kutilia mikeka. Wengine walichukua mkaratusi mwekundu, ambao umepandwa kila kilima na hauhitaji hata kupakwa sana. Msizi Uledi aliukamata kwa kuunyanyua tu, kwa sababu ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na kucha iliacha alama. Mkaratusi ulimsumbua zaidi. Ni mzito, lakini mkangazi uliolowa mvua nao ni mzito. Ni mwekundu, na ukipigwa randa vizuri unang'aa. Uongo wake hujulikana baadaye, ukishakauka ndani ya nyumba ya mtu, unapoanza kujipinda na kupasuka kila penye msumari.

Kwa hiyo alikuwa na njia yake. Alipiga randa ubao mpaka ukatoka uso mpya, akauelekeza kwenye mwanga na kuugeuzageuza. Mkangazi huonyesha mistari mipana inayong'aa na kufifia kwa zamu, kama hariri ikikunjwa. Kisha alikata kipande cha jani la mgomba, akakifunga katikati ya ubao kwa kamba ya mgomba, akauacha juani. Mkangazi uliopata jua huiva, ukawa mwekundu wa kahawia, na pale palipofunikwa hubaki rangi ya waridi. Mbao za rangi ya kupakwa hupauka, na mkaratusi, alivyosema Uledi, hukaa vilevile ukikutazama.

"Waitu Uledi," alilalamika siku moja, kwa neno la heshima la Kihaya, Ishengoma, mkulima wa Kamachumu aliyefuata mbao za mlango, "mimi nimekuja na basi. Nyumba haina mlango. Mbuzi wanalala na mimi."

"Watalala nawe siku mbili tatu zaidi. Wakikuzoea watakulinda."

Ishengoma alisonya, akaondoka, akarudi. Wote walirudi, kwa sababu milango ya Uledi haikuwa na nyufa.

Shamsa alikuja mwanzoni mwa masika. Alikuwa mjane, fundi cherehani, anayeishi Kibeta na mama yake, Bi Mastura, na kushona sare za watoto wa shule. Kitambaa chake cha kichwani mara nyingi kilikuwa na pini zilizosahauliwa. Alitaka mbao za kitanda cha mama yake, na hakuwa mteja wa kwanza kudanganywa katika mji huu, ila yeye alidanganywa kwa kelele. Mwaka mmoja kabla, alinunua kitanda kwa mfanyabiashara mwingine, akaambiwa ni mkangazi. Mvua zilipoanza na nyumba ikaingia unyevu, kitanda kilitoa rangi. Bi Mastura aliamka asubuhi shuka nyeupe imekuwa nyekundu mgongo mzima, na jirani aliyepita dirishani akapiga yowe kwamba bibi amechinjwa. Kilipokauka kilijipinda, kikasimama kwa miguu mitatu. Mwisho wake kikawa kuni za kupikia ndizi.

Shamsa aliinua ncha ya ubao mmoja kiwanjani, akaugonga kwa kidole.

"Huu unatoka rangi?"

"Sijaujua bado," Uledi alimjibu.

"Wewe ndiye muuzaji, na hujaujua?"

"Aliyekuuzia kile cha kwanza alikijua?"

"Alikijua vizuri sana," alisema Shamsa. "Ndiyo maana alikiuza upesi."

Uledi alicheka. Fundi Ayubu, seremala aliyekuwa na karakana ukuta kwa ukuta na kiwanja hicho, na ambaye ndiye angetengeneza kitanda chenyewe, anasema alisimamisha randa ili asikilize, kwa sababu hakuwa amesikia kicheko kile kwa miaka.

Mbao tano zilichaguliwa, zikapigwa randa, zikafungwa majani. Shamsa aliomba kipande kidogo kilichokatwa mwishoni mwa ubao mmoja, akakitia kapuni. Kisha mvua ikanyesha kama inavyonyesha Bukoba, bila kupumzika, na kila alipokuja aliambiwa ukweli mtupu: jua hakuna. Alikaa kungoja mvua ipungue ndipo apande tena kilima cha Kibeta. Mara ya kwanza alikaa juu ya gogo. Mara ya pili alikuta kigoda. Baadaye alikuta kiti chenye mgongo, na chai ya tangawizi iliyoagizwa hoteli ya jirani. Alimsimulia Uledi jinsi watoto wa shule wanavyokua kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa, mpaka kaptula inakuwa fupi kabla haijapigwa pasi. Uledi alimsimulia kuhusu nyani wa Minziro walioiba uji wa wapasua mbao. Hakuna lililokuwa kubwa katika mazungumzo hayo. Ayubu aliyasikia yote.

Jua lilitoka. Siku ya pili ya jua, Uledi alifungua majani asubuhi mapema. Mbao nne zilikuwa zimeiva, na katikati ya kila moja palikuwa na mkanda wa rangi ya waridi, ulionyooka kama umepigwa rula. Ya tano ilikuwa mkaratusi. Aliitoa, akaisimamisha ukutani. Kazi ilikuwa imekwisha.

Saa nne Shamsa aliingia akijifuta jasho. "Haya, Bwana Uledi. Umezijua?"

Uledi alikuwa amekwisha kuyarudisha majani mahali pake, kila moja juu ya mkanda wake. "Bado," alisema. "Jua halijatosha."

Ndio uongo wa kwanza ambao Ayubu alipata kumsikia akimwambia mteja.

Juma lile jua liliwaka mpaka kahawa ya watu ikakauka uani na wanawake wa Ijuganyondo wakaja sokoni na miavuli. Jua halikutosha. Juma lililofuata pia. Shamsa alikuja, akakaa, akanywa chai, akauliza, akajibiwa, akaondoka.

"Uledi," Ayubu alimwambia, "mbao zile ukiziacha tena zitachipua."

"Jua halijatosha."

"Juzi kwenye mkutano wa tawi la TANU wamesema tuharakishe maendeleo. Ulikuwapo. Ulipiga makofi."

Uledi alivua kofia, akaipiga vumbi gotini. "Nikimpa mbao, Ayubu, atakuja hapa kufanya nini?"

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Maneno yangu yote ni ya mbao. Yule ni mtu wa pini na uzi, anaona kila kilichopinda. Akinikataa nitamtazamaje? Hivi sasa walau anakuja."

Basi hilo ndilo lililokuwa mashakani, na mtaa mzima ulilijua: siku atakaposema neno moja la kweli kuhusu mbao zile, kile kiti kitabaki kitupu.

Asubuhi moja Shamsa hakukaa. Alisimama karibu na mbao, kapu mkononi.

"Mama bado analala mkekani," alisema. "Tangu nilipoanza kuja hapa. Jana aliamka kwa kushika ukuta."

Hakusema kwa kulaumu. Uledi alimtazama, kisha akatazama mbao. Hakuwa amewahi kuuliza mama yule analala wapi. Aliinama, akafungua kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akayatupa majani pembeni.

"Ni mkangazi," alisema. "Zote nne. Ile iliyoegemea ukuta usiichukue, si yenyewe, nitakupa nyingine niliyoijua zamani. Ayubu ataanza sasa hivi. Leo mama atalala juu."

"Haya," alisema Shamsa. Aliangalia ile mikanda ya waridi kwa muda, akatoka.

Siku hiyo Uledi hakuuza kitu. Alifunga lango, akaingia karakana kwa Ayubu, akapiga randa mwenyewe mpaka adhuhuri. Mchana walipakia miguu, mbao za pembeni na za kichwani kwenye mkokoteni wa kukodi, wakausukuma kupanda Kibeta.

Bi Mastura alikuwa ameketi mkekani, mwanamke mdogo mwenye macho makali.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba. Ingizeni, mvua yaja."

Kitanda kiliunganishwa bila msumari hata mmoja uliopasua ubao. Bi Mastura aliomba maji, akalowanisha pembe ya kitambaa cheupe, akasugua mbao ya kichwani kwa nguvu zake zote, akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. Akapanda, akajilaza, akamwamuru Ayubu akitikise. Hakikucheza. Alifumba macho, na kwa kitambo wote wakadhani amesinzia.

"Bwana Uledi."

"Naam, mama."

"Mbao hizi ulizijua lini?"

Ayubu alianza kukusanya patasi zake, moja moja, polepole.

"Siku ya pili ya jua, mama."

"Na siku zote zilizofuata ulikuwa unachunguza nini?"

Ayubu, bila kuinua kichwa, alimjibia Uledi: "Njia ya kutoka Kibeta, mama. Kila saa."

"Nisamehe, mama," alisema Uledi. "Umelala chini kwa sababu yangu."

"Nimelala chini kwa sababu yangu mwenyewe. Mkeka nimeuzoea." Bi Mastura alifumbua macho. "Kile kipande alichokuja nacho mwanangu tulikiweka juu ya paa la jiko, na jani lake. Siku ya pili nasi tulijua. Nikamwambia, endelea kwenda. Mtu anayekataa kuuza mali yake ana sababu. Akawa anakwenda. Nikaona mwanangu naye haoni taabu ya kile kilima. Jana nikamwambia, sasa kamwambie nalala mkekani, tuone atachagua mgongo wangu au kile kiti chake."

"Mama!" alisema Shamsa, mlangoni.

"Mama nini? Nimedanganya? Na ukuta niliushika kweli, kila siku naushika, nina miaka sabini."

Ayubu alicheka mpaka patasi zikamtoka mkononi. Uledi hakucheka. Alikuwa ameinua uso, na alikuwa akimtazama Shamsa kama mtu aliyenyanyua kitu akitegemea uzito, kikamfuata mkono kwa wepesi. Shamsa alikuwa na pini mbili kwenye kitambaa chake cha kichwani, na alikuwa akizitafuta kwa vidole ingawa hakuzihitaji.

Walipewa ndizi na samaki, wakala. Mvua ilipokatika Shamsa aliwasindikiza mpaka njiani. Ayubu alikumbuka ghafla kwamba ana shemeji nyumba ya tatu ambaye hajamjulia hali.

Walisimama wawili. Chini yao mapaa ya mji yalikuwa yamelowa, na ziwa nyuma yake.

"Kesho sina cha kukuonyesha pale kiwanjani," alisema Uledi.

"Najua."

"Hakuna mbao inayongoja jua."

"Najua, Bwana Uledi. Nitakuja tu."

Uledi aliitika kwa kichwa. Akasema asante, akasema inshallah, akasema asante tena, kisha akateremka kilima kwa hatua ndefu bila kugeuka, akamwacha Ayubu kwa shemeji yake na mkokoteni uani kwa Bi Mastura.

Siku ya pili yake mwenye mkokoteni alilalamika kutwa nzima, na Uledi akamlipa bila kubishana. Jumapili alipanda tena Kibeta na mjomba wake na wazee wawili wa msikitini, wote katika kanzu zilizopigwa pasi. Mkokoteni ulikuwa palepale, mbele ya mlango, umejaa maji ya mvua. Waliupita, wakabisha hodi, na ulikaa pale juma jingine zima.