Mhitaji Niliyemwandika Siku ya Pointi

Acheni niseme mwenyewe, kabla masista hawajamaliza kucheka. Miaka ile mshahara ulikuwa hadithi hapa Likasi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kazi ya jamii, katika staji, yaani mazoezi ya kazi, kwenye kituo cha masista cha kusaidia wahitaji. Siku hiyo profesa nisiyemjua alikuwa anakuja kunipa pointi. Bila pointi hizo, ningerudia mwaka.

Nikataka anikute kazini. Barazani alikaa papa mmoja, mzee mwenye jembe na gunia la mahindi. Viraka vya suruali yake nilivihesabu mara mbili: saba. Nikachukua karatasi ya wahitaji.

"Papa, unakulaka mara ngapi ku siku?"

"Mara moja."

Jibu la kwanza silikubali hata sokoni. "Na chai ya asubuhi?"

"Chai bila sukari, nayo unaihesabu?"

Nikaandika: mara moja. Mshahara: hakuna. Nikamshika bega, nikamwambia asione haya kusaidiwa.

"Aksanti, mwanangu. Unauliza muzuri."

Sista akatoka. "Eh, Profesa, ulianzia ku shamba tena? Mwanafunzi wako ni huyu."

Karatasi ilitaka sahihi mbili, ya mhitaji na ya msimamizi wa mwanafunzi. Profesa akaniomba kalamu, akatia zote. Nilizihesabu mara mbili.