Nyaya za Mlingoti na Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupiga udi wa taarabu kwenye harusi, na ndiyo iliyoniponza. Niliponunua mashua ndogo ya mbao kwa Mzungu mmoja aliyehama Raskazone, nilikuta mlingoti wake umeshikiliwa na nyaya za chuma, kila waya na skrubu yake ya kukazia. Mwenye akili angeuliza zinakazwa kiasi gani. Mimi nikatega sikio. Nikawa nakaza na kudonoa kwa kidole, hadi waya wa kushoto na wa kulia zikatoa sauti moja. Tamu hiyo! Nikajiona fundi.

Mama mkwe wangu, mjane wa fundi wa mashua, alikuwa amekubali kesho yake nimvushe hadi Chongoleani kwa mdogo wake. Miaka tisa nimemuoa bintiye, na kwa ile haya ya ukwe, zaidi ya "marahaba" hajanisemesha. Yote hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa jamvi moja. Nilitamani, walau siku hiyo, akiri kwamba kuna kitu ninakijua.

Tulipofika katikati, mimi, mke wangu na mama yake, maji yakaanza kuingia kwa chini. Nyaya zangu tamu zilikuwa zimeukandamiza mlingoti hadi mbao za tumboni zinaachana.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia mke wangu, amenipa mgongo, anateka maji kwa kopo, "muulize mwenzio, nyaya kakaza yeye?"

Mke wangu akaniuliza. Nikajibu ndiyo, tena kwa sikio. Jibu likapelekwa.

"Mwambie alegeze."

"Mama anasema ulegeze."

Nami, mjinga wa kutupwa, nikaanza kueleza kwamba zikilegea zitapoteza sauti. Maji yalishafika vifundoni. Mama mkwe akageuka, akanikazia macho.

"We baba, legeza!"

Nikalegeza. Nadhani aibu ilizidi hofu. Maji yakapungua kiasi cha kopo kuyamudu, na mashua ikaenda bila matata.

Ufukweni mdogo wake akauliza habari za safari. Mama mkwe alishanipa mgongo tena. Nikakamua suruali, nikingoja hukumu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mkwe wangu chombo hakijui. Lakini anaambilika."