Mama Kasoro na uzi mwekundu ulioitwa pambo

Saa mbili asubuhi, kabla jua halijafika dirishani, Mama Kasoro yuko sebuleni kwake anabishana na kiti. Anakitikisa, anakigeuza miguu juu, anakikalia kwa kishindo, anainuka, anakikalia tena. Kiti kinalia kidogo.

"Ehee," anakiambia. "Nimekusikia."

Anachukua uzi mwekundu kutoka kwenye kopo la maziwa, anaufunga pale kiti kilipolia, kisha anamwita binti yake aje na simu apige picha.

Sebule yenyewe haina tena pa kukaribishia mgeni. Meza tatu zimepandana, cherehani haina mkanda, vioo viwili vimegeuziwa ukuta, na shuka jeupe limetundikwa kwa misumari liwe pazia la kupigia picha. Anayetembelea hapa anaketi juu ya bidhaa, na bidhaa ikipata mtu, anahama.

"Juzi kiti kimeuzwa shemeji yangu akiwa amekikalia," anasema, na kucheka mpaka anashika mbavu. "Chai kamalizia kasimama, masikini."

Mama huyu wa miaka 58 anauza samani zilizokwisha kutumika. Jina la Mama Kasoro hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, katika uchochoro wa wauza vitu vikuukuu aliosimama miaka ishirini na sita, kwa sababu ya tabia moja iliyowashangaza majirani zake wa biashara. Mteja akiuliza bei, yeye alianza na kasoro.

"Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha," anasema. "Aliniambia, mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukimwona muuzaji anasifia mno, inama uangalie chini ya meza. Wewe taja ubovu kwanza. Mtu akishaujua ubovu, ukimwambia zuri atakuamini."

Uzi mwekundu nao ni urithi wa mama mkwe. Kila penye ufa, kiungo kilichogundishwa au bawaba iliyochoka panafungwa uzi, ili jicho la mnunuzi lifike hapo kabla ya pengine popote. Uchochoroni hakukuwa na asiyeujua. Wateja walikuja wakiuliza, "Leo una nyuzi ngapi?" Meza ya uzi mmoja ilikuwa na bei yake, ya nyuzi tatu bei yake, na watu wakaachana kwa amani.

Ukimgusia uchochoro huo, kazi inasimama. Anakumbuka harufu ya vanishi asubuhi, fundi saa aliyewasha saa zote kwa pamoja ili kuwaudhi, na muuza vitasa wa upande wa pili, mtani wake mkubwa.

"Jamani, tulichekana! Ananipigia kelele watu wamejaa: 'Mama Kasoro, na mumeo umemfunga uzi wapi?' Namjibu, 'Huyo nyuzi zimeisha dukani!' Na mwenyewe yuko nyuma yangu anapiga randa, anacheka kuliko wote."

Mumewe, fundi seremala, alifariki mwaka mmoja kabla ya uchochoro kuvunjwa. "Afadhali hakuona," anasema. "Angeumia."

Uchochoro ulivunjwa miaka mitatu iliyopita, pakawa maegesho ya magari. Wauzaji walitawanyika, kila mtu na njia yake. Mama Kasoro alileta vitu vyake nyumbani kwa safari nne za mkokoteni, akakaa akisubiri.

"Nafungua mlango asubuhi, nafagia, nakaa. Nani aje? Nani anajua kwamba humu ndani kuna meza?" Wiki nzuri aliuza kitu kimoja. Wiki nyingine hakuuza hata kijiko.

Aliyeleta habari za kuuza mtandaoni ni kitinda mimba wake, binti wa miaka 22 anayefanya kazi katika duka la kutoa fotokopi. Aliweka kwenye simu programu yenye akili mnemba, ambayo ukiionyesha picha ya kitu inakuandikia maelezo yake yenyewe, tayari kwa kuuzwa.

"Siku ya kwanza nikamsomea," anakumbuka binti. "Meza yetu ile ya kupasia nguo ikawa 'yenye haiba ya kipekee, itakayoipa sebule yako uhai mpya.' Mama akaniangalia, akaniuliza, 'Hiyo ni meza yetu au ya jirani?'"

Walicheka, lakini meza iliondoka siku hiyohiyo. Ndani ya miezi miwili walikuwa wanauza vitu kumi na kimoja kwa wiki. Mama Kasoro aliziba paa, akanunua miwani.

"Nilifurahi, nisikudanganye," anasema. "Nilisema basi, Mungu kanikumbuka."

Halafu kikaja kiti cha mikono. Mguu wake wa nyuma uliwahi kuvunjika ukagundishwa, na Mama Kasoro, kama kawaida yake, alifunga uzi mwekundu palepale. Binti akapiga picha. Akili mnemba ikautazama uzi, ikaandika: "Kiti imara cha mbao, kinachowafaa wazee, kilichopambwa kwa utepe mwekundu wa kuvutia mguuni."

Hakuna aliyeyasoma maneno hayo mpaka mwisho. Binti alikuwa anachelewa kazini, akaweka tangazo na kukimbia. Mama naye hakuona haja. "Uzi si upo kwenye picha? Kwangu mimi nilikuwa nimeshasema."

Siku ya tisa baada ya kukinunua, mnunuzi alirudi. Ni muuguzi, dada wa makamo, aliyekuwa amemnunulia bibi yake wa miaka 81. Mkono mmoja alibeba kiti chenye miguu mitatu, mkono mwingine mguu wa nne. Bibi alikuwa ameanguka nacho, na kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka.

"Hakupiga kelele," anasema Mama Kasoro, na sauti yake inashuka. "Angenitukana ningepata nafuu. Aliniwekea ule mguu mezani, uzi umefungwa vilevile nilivyoufunga mimi. Akasema, 'Mama, hatukuutoa. Mliandika ni pambo, na bibi aliupenda.'"

Anafuta macho kwa kiganja.

"Niliona aibu, mwanangu, ambayo sijawahi kuiona. Miaka yote hiyo sijamwangusha mtu. Nikasema, jina langu ndiyo limekwisha. Na jina lenyewe si langu peke yangu, ni la yule mama aliyenifundisha."

Alirudisha fedha yote palepale. Kisha akachukua kiti kisicho na uzi hata mmoja, akafuatana na muuguzi mpaka kwa bibi, akakikalia yeye kwanza mara tatu mbele ya familia nzima. Bibi alikuwa kitandani, mkono umefungwa bendeji.

"Akaniambia, 'Uzi niliuona. Nikadhani ni urembo wa vijana wa siku hizi.' Halafu akaanza kuniliwaza. Yeye! Mimi nimemwangusha, yeye ananiliwaza. Nilirudi nyumbani sina hata hamu ya kula."

Kwa wiki mbili simu ilifungiwa kabatini. Mama na binti waligombana, mara kwa maneno, mara kwa kununiana. Mama alisema heri alale njaa kuliko kuuza kwa mdomo wa kitu kisichojua haya. Binti alilia, kisha akatoa jibu ambalo mama yake analirudia mpaka leo.

"Akaniambia, 'Mama, hiyo mashine haijawahi kufika uchochoroni. Uzi haiujui. Sisi ndio hatukuiambia.' Nikaona mtoto amesema kweli."

Sasa wana utaratibu wao. Mama Kasoro anataja ubovu kwa sauti yake, na maneno hayo ndiyo yanayotangulia katika tangazo, bila kuguswa. Akili mnemba inaachiwa vipimo, aina ya mbao na rangi. Mwishoni mwa kila tangazo pana mstari mmoja: palipo na uzi mwekundu ndipo palipo na ubovu. Na hakuna kinachotoka mpaka mama avae miwani, asome herufi zote.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni mashine ilizidi kulainisha, ikaandika "kasoro ndogo isiyopunguza uzuri wake."

"We! Nani kakwambia ndogo?" Mama Kasoro anaifokea simu, akionyesha ilivyokuwa. Binti anaangua kicheko. "Anaigombeza hivyo kila siku," anasema, "utadhani ni mkamwana wake."

Mauzo yameshuka mpaka vitu sita au saba kwa wiki. Muuza vitasa, ambaye naye anauzia mtandaoni siku hizi, hupiga simu kumtania kwamba anafukuza wateja kwa mdomo wake. "Namwambia waende salama," anasema. "Mficha uchi hazai."

Mpango wake ni kupanga chumba kinachotazama barabara, watu waingie wavishike vitu kwa mikono yao. Anakadiria miaka miwili ya kujibana. Simu hataiacha, anasema, ila kuna jambo ambalo simu haijamrudishia.

"Kuulizwa. Siku hizi mtu anauliza bei, anauliza utaleta lini, basi. Uchochoroni mtu alianza kuulizia ubovu. Akishauliza hivyo unajua huyu amekuja kununua, na amekuja kwangu. Nimekaa miaka mitatu sijaulizwa, na sijui kama jina lile lipo au lilibaki chini ya yale magari."

Simu inaita. Binti anawasha kipaza sauti. Ni mwanamume, sauti ngeni, anaulizia kabati la vyombo lililotangazwa jana.

"Mama, nimesoma hapa mlango wa kushoto umelegea," anasema. "Umelegea kiasi gani?"

Mama Kasoro anaiziba simu kwa kiganja, anamgeukia binti yake, macho yamejaa maji.

"Umesikia anachouliza?"

"Nimesikia. Mjibu basi, Mama, atakata!"

Anainuka, anapenya kati ya meza, anaufungua mlango wa kushoto wa kabati, na kuisogeza simu mpaka kwenye bawaba.

"Sikiliza mwenyewe, baba," anasema, na kuanza kuutikisa.